Florence Nightingale: Mlinzi wa Askari Dhidi ya Maji Machafu

Askari aliyepangiwa zamu katika bonde la Oruchinga, au kando ya ziwa Nakivale katika wilaya ya Isingiro, huona kila alfajiri jambo ambalo halimo katika mafunzo ya silaha. Huona akina mama na watoto wakifuatana na madumu yao kwenda kuteka maji. Ardhi hii ya kusini magharibi mwa Uganda imekuwa ikiwapokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, pale Wanyarwanda walipoanza kuvuka mpaka kwa kuyakimbia machafuko ya nchi yao. Leo Nakivale peke yake ina wakimbizi zaidi ya laki moja, waliotoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Watu wengi kiasi hicho wakikaa mahali pamoja, maji waliyoyatumia jana huingia ardhini leo yakiwa machafu, na yasipochungwa yataweza kurudi kesho katika madumu yale yale.

Tena maji hayana mpaka. Mto Rwizi hushuka kutoka vilima vya magharibi, hupita katika mji wa Mbarara, kisha huelekea mashariki katika maziwa na matete ya Nakivale, Mburo na Kachera. Mbarara ni mji wa askari tangu zamani, wenye makambi ya jeshi na nyumba za polisi, na kwa miaka mingi mji huo umekunywa maji ya mto huo huo. Kwa hiyo uchafu unaotiririka kutoka chooni mwa kambi si jambo la kambi peke yake. Una jirani upande wa chini wa mto.

Kwa sababu hiyo tumeona vema leo tuwaletee wasomaji wetu, hasa ndugu zetu wa jeshi na polisi, maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana na wengi, lakini kazi yake kubwa haijulikani sana. Mtu huyo ni Bibi Florence Nightingale. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba alikuwa mwuguzi aliyezunguka usiku na taa yake katikati ya majeruhi. Habari hiyo ni kweli. Lakini kilichookoa maisha ya askari wengi zaidi kuliko taa ile ni vita alivyopigana, kwa kalamu na kwa hesabu, dhidi ya mifereji ya maji machafu.

UTOTO WA NEEMA

Florence alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820, katika mji wa Florence, nchini Italia, ambako wazazi wake Waingereza walikuwa katika safari ndefu. Ndipo alipopewa jina la mji huo. Baba yake, Bwana William Nightingale, alikuwa tajiri mwenye mashamba na nyumba kubwa mbili nchini Uingereza. Jambo lililokuwa adimu wakati ule ni kwamba baba huyo aliwafundisha binti zake wawili yeye mwenyewe: lugha za kale na za kisasa, historia na falsafa. Florence alipenda zaidi hesabu. Wakati wasichana wenzake walipokuwa wakijifunza kucheza dansi na kupiga piano, yeye alikuwa akipanga tarakimu katika safu. Mapenzi hayo ya tarakimu, kama tutakavyoona, ndiyo yaliyokuja kuwa silaha yake.

Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 16, aliona moyoni mwake kwamba Mungu amemwita kwa kazi maalum. Alipowaambia wazazi wake miaka minane baadaye kwamba kazi hiyo ni uuguzi, nyumba nzima ilifadhaika. Hospitali za siku zile zilikuwa mahali pa uvundo, na wauguzi wake walihesabiwa kuwa watu duni na walevi. Binti wa tajiri kwenda kufanya kazi humo ilikuwa aibu kwa ukoo. Florence alikatazwa, akatii kwa muda, lakini hakuacha. Aliamka kabla ya jua kuchomoza akasoma taarifa za hospitali na za afya ya miji kwa mwanga wa mshumaa. Alikataa posa za wanaume waliomtaka. Mwisho, mwaka 1851, aliruhusiwa kwenda kujifunza kwa miezi michache Kaiserswerth, nchini Ujerumani, na mwaka 1853 akapewa usimamizi wa hospitali ndogo ya mabibi mjini London.

Mwaka uliofuata kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho mjini humo, na Florence akaenda kusaidia wagonjwa katika hospitali ya Middlesex. Ni katika mlipuko ule ule ndipo daktari John Snow alipoonyesha kwamba watu waliokuwa wakifa walikuwa wameteka maji katika bomba moja la mtaani, lililochafuliwa na uchafu wa chooni. Wakubwa wengi wa wakati ule hawakumwamini. Waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Florence naye alikuwa na imani hiyo, na tutairudia.

SCUTARI

Mwezi Machi, 1854, Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa Uturuki dhidi ya Urusi. Vita hivyo viliitwa vita vya Crimea, kwa jina la rasi iliyoko katika Bahari Nyeusi. Muda si muda magazeti ya London yalileta habari za kutisha: askari wagonjwa na waliojeruhiwa walikuwa wakirundikwa sakafuni bila ya dawa wala bendeji. Waziri aliyehusika na mambo ya jeshi, Bwana Sidney Herbert, aliyekuwa rafiki wa Florence, alimwomba aongoze kikosi cha wauguzi. Tarehe 21 Oktoba, 1854, aliondoka London pamoja na wanawake 38, na tarehe 4 Novemba wakafika Scutari, ng'ambo ya mlango wa bahari unaotazamana na Istanbul.

Hospitali waliyoikuta ilikuwa kambi kubwa ya askari wa Kituruki iliyogeuzwa kuwa wodi. Kwa nje ilionekana kama ngome ya fahari. Kwa ndani, majeruhi walilala katika korido ndefu, wengine juu ya sakafu tupu, wengi wao wakiharisha damu. Vyoo vilikuwa vimeziba na kufurika. Chini ya jengo ilipita mifereji mikubwa ya maji machafu ambayo haikuwa na njia ya kutoka, na upepo ulipovuma ulirudisha uvundo wake juu kupitia mabomba ya vyoo mpaka vitandani mwa wagonjwa.

Madaktari wa jeshi hawakufurahia kuletewa wanawake. Bibi Nightingale hakugombana nao. Aliwaamuru wauguzi wake wasimguse mgonjwa hata mmoja mpaka daktari atoe idhini, nao wakakaa wakishona mashuka. Majeruhi wa mapigano ya Inkerman walipomiminika, madaktari wenyewe wakaomba msaada. Ndugu askari ataelewa maana ya jambo hilo: mtu anayetaka kubadili utaratibu wa jeshi hana budi kwanza auheshimu.

Akaanza kazi. Alinunua brashi za kusugulia sakafu, akakodi nyumba na kuweka masufuria ya kuchemshia nguo, akafungua jiko la chakula cha wagonjwa. Usiku alipita na taa yake katika korido zile. Hata hivyo watu waliendelea kufa. Katika majira yale ya baridi askari zaidi ya 4,000 walifariki Scutari, na mwezi Februari, 1855, vifo vilifikia kiasi cha 42 kwa kila wagonjwa 100. Walikuwa wakifa kwa kuhara, kwa homa ya matumbo na kwa kipindupindu. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache wakilinganishwa nao.

Mwezi Machi serikali ya Uingereza ilipeleka tume ya usafi. Wakuu wake walikuwa daktari John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson, nao walipewa mamlaka ya kutenda, siyo ya kushauri tu. Wakafukua mifereji na kuifungulia njia, wakaisafisha kwa maji, wakatoa takataka kwa mamia ya mikokoteni, wakazika mizoga. Katika njia ya maji yaliyoletwa hospitalini wakakuta mzoga wa farasi. Kuta zikapakwa chokaa, madirisha yakafunguliwa. Kufikia mwezi Juni vifo vilikuwa vimeshuka mpaka 2 hivi kwa kila wagonjwa 100.

Hapakuwa na dawa mpya iliyopatikana katika miezi ile. Tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba uchafu ulikuwa umetengwa na watu.

HESABU ILIYOMUUMIZA

Bibi Nightingale mwenyewe aliugua sana mwezi Mei, 1855, alipokwenda Balaclava kukagua hospitali za mstari wa mbele. Waganga wengi wa leo hudhani kwamba homa ile ilikuwa bruselosi, maradhi ya maziwa yasiyochemshwa, ambayo wafugaji wa Ankole wanayajua. Kijidudu chake kilikuja kugunduliwa mwaka 1887 na David Bruce, daktari wa jeshi, ambaye mwaka 1903 alikuja Entebbe kuchunguza malale. Bibi Nightingale alipona nusu tu. Aliporudi kwao mwezi Agosti, 1856, alikataa mapokezi ya shangwe, akasafiri kwa jina la uongo ili asitambuliwe.

Taifa zima lilimsifu. Yeye, nyumbani, alikuwa akihesabu maiti. Akisaidiwa na Bwana William Farr, bingwa wa takwimu za serikali, alipanga vifo vyote vya jeshi kwa mwezi na kwa sababu. Askari wa Kiingereza waliokufa kwa maradhi katika vita vile walikuwa kama 16,000, na waliouawa na adui au kufa kwa majeraha hawakufika 5,000. Tarakimu zile zilionyesha jambo lingine ambalo lilimchoma moyo: hospitali ya Scutari, ile aliyoisimamia kwa upendo wote, ilikuwa na vifo vingi kupita hospitali nyinginezo. Mwanzo alikuwa ameamini kwamba wagonjwa walikufa kwa sababu walichelewa kuletwa, wakiwa na njaa na uchovu. Sasa aliona kwamba walikuja wakiwa hai na kuuawa na jengo lenyewe.

Hapa ndipo, kwa maoni yetu, ukubwa wa mtu huyu unapoonekana. Alikuwa na sifa ambazo mtu mwingine angezilinda kwa kunyamaza. Yeye alitaka tarakimu zile zichapishwe, hata kama zingempunguzia heshima. Mwaka 1858 alitoa michoro yenye umbo la duara, iliyogawanywa kama vipande vya keki, kila kipande kikionyesha mwezi mmoja, na rangi moja ikionyesha waliokufa kwa maradhi yanayozuilika. Waziri asiyejua hesabu aliweza kutazama na kuelewa. Mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Chama cha Takwimu cha Uingereza.

Alithibitisha pia kwamba hata wakati wa amani vijana wa jeshi waliokaa makambini walikufa karibu mara mbili ya raia wa umri wao. Hawa walikuwa vijana waliopimwa na kuchaguliwa kwa uzima wao. Adui wao alikuwa choo kibovu, kisima kibaya na chumba kilichojaa watu. Serikali ikaunda tume mwaka 1857, na kutokana nayo makambi yakakarabatiwa, maji safi na mabomba ya maji taka yakaingizwa, na shule ya madaktari wa jeshi ikaanzishwa.

BARA HINDI

Tangu mwaka 1857 Bibi Nightingale aliishi kama mgonjwa, mara nyingi kitandani. Hata hivyo, mwaka 1860 aliifungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas mjini London, kwa fedha ambazo wananchi walimchangia. Akitumia kalamu tu, akaigeukia India, ambako Uingereza ilikuwa na jeshi kubwa. Hakuwahi kukanyaga nchi hiyo. Alipeleka fomu za maswali katika makambi yote makubwa: Maji mnateka wapi? Choo kiko umbali gani na kisima? Maji machafu huenda wapi? Majibu yalirudi kwa magunia. Yalionyesha kwamba askari katika makambi mengi walikunywa maji ya mabwawa yaliyopokea uchafu wa kambi yenyewe.

Tume ya serikali ilipotoa taarifa yake mwaka 1863, ilionekana kwamba kati ya kila askari 1,000 wa Kiingereza walioko India, 69 walikufa kila mwaka. Miaka kumi baadaye, baada ya kazi ya mifereji, maji na makambi mapya, idadi hiyo ilikuwa imeshuka mpaka 18. Alisisitiza pia kwamba kambi haiwezi kuwa safi katikati ya kijiji kichafu, akawatetea wakulima wa India wapate maji na usafi. Ni haki tuseme vilevile kwamba alikuwa mtu wa dola lake, na hakuuliza sana kwa nini jeshi lile lilikuwa katika nchi ya watu. Lakini ukweli aliouona juu ya maji unawahusu wote, mtawala na mtawaliwa.

Tulisema kwamba aliamini maradhi huletwa na harufu. Kwa muda mrefu aliyatilia shaka mafundisho mapya ya vijidudu. Katika miaka ya 1880, baada ya Robert Koch kukionyesha kijidudu cha kipindupindu, polepole alikubali. Fikira yake ya mwanzo ilikuwa na kosa, lakini amri yake ilikuwa sahihi, kwa sababu aliyeondoa harufu ya mfereji aliondoa na vijidudu vyake.

Mwaka 1907 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya juu iitwayo Order of Merit. Alifariki mjini London tarehe 13 Agosti, 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Familia yake ilikataa azikwe pamoja na wafalme, kama alivyokuwa ameusia. Alizikwa katika kijiji cha East Wellow karibu na wazazi wake, na jeneza lake likachukuliwa na masajini sita wa jeshi.

BAADA YAKE: VIJIDUDU VINAVYOFANYA KAZI

Wakati wa Bibi Nightingale elimu ilikomea mahali pamoja. Uchafu uliondolewa kambini na kupelekwa mbali, mara nyingi mtoni. Aliyekaa juu alipona, aliyekaa chini aliumwa. Swali la namna ya kuyasafisha maji yale kabla hayajafika mtoni lilijibiwa katika miaka ya mwisho ya uhai wake na mara baada ya kufa kwake. Jibu lilishangaza: vijidudu vyenyewe vinaweza kuwekwa kazini.

Njia ya kwanza ni ya mawe. Tangi pana hujazwa mawe, na mabomba yanayozunguka kama mikono hunyunyiza maji taka juu yake. Baada ya wiki kadhaa kila jawe huvaa utando wa ute. Utando huo ni viumbe hai, mamilioni ya vijidudu visivyodhuru, ambavyo huvuta hewa kati ya mawe na kula uchafu unaopita. Utando ukinenepa hubanduka, ukazama katika tangi la pili kama tope, na maji yaliyo juu yakatoka yakiwa na uchafu mchache. Mitambo ya Bugolobi, mjini Kampala, na ya Kariobangi, mjini Nairobi, ilijengwa kwa njia hiyo.

Njia ya pili ilielezwa Manchester, Uingereza, tarehe 3 Aprili, 1914, na Edward Ardern na William Lockett. Walipuliza hewa katika maji taka bila kukoma, na mwanzo iliwachukua kama wiki tano kuyasafisha kabisa. Badala ya kulitupa tope lililobaki chini, walilihifadhi, wakamimina maji taka mapya juu yake na kupuliza tena. Walivyorudia hivyo, vijidudu vikaongezeka katika tope, na kazi ya wiki tano ikamalizika kwa muda usiozidi siku moja. Tope hilo hai, linalorudishwa tangini kila mara, ndilo linalosafisha maji ya miji mingi mikubwa duniani leo.

Mwaka ule ule wa 1914 vita vilifika Afrika Mashariki. Majeshi yalihitaji wapagazi, na wananchi wetu wa Uganda, Kenya na Tanganyika walikamatwa kwa maelfu kubeba mizigo. Jina la Kiingereza la kikosi chao, kwa matamshi ya wenyeji, ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam. Wapagazi makumi elfu walikufa, na sehemu kubwa hawakuona risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, kwa chakula kibovu na maji machafu. Yote ambayo Bibi Nightingale aliyathibitisha yalikuwa yameandikwa vitabuni kwa zaidi ya nusu karne. Lakini wapagazi hawakuhesabiwa kwa uangalifu kama askari wa Kiingereza, na mtu asiyehesabiwa halindwi.

Hata karibu nasi zaidi, mwezi Julai, 1994, wakimbizi laki kadhaa kutoka Rwanda waliingia Goma katika siku chache. Ardhi ya pale ni mwamba wa volkano, vyoo havikuchimbika upesi, na watu wakateka maji ziwani. Katika mwezi mmoja walikufa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Ile ilikuwa Scutari nyingine, miaka 140 baadaye.

WAJIBU WETU

Turudi sasa Oruchinga na Mbarara. Makazi ya wakimbizi hayana mabomba ya maji taka kama Kampala, kwa hiyo kazi ya ulinzi hufanywa na choo cha shimo. Kanuni za kimataifa za misaada zinasema choo kimoja kisizidi watu 20, kisiwe chini ya mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Udongo ulio chini ya shimo hufanya, polepole, kazi inayofanana na ya yale mawe yenye utando. Shimo likichimbwa mpaka kufikia maji, udongo hauna nafasi ya kufanya kazi hiyo. Askari anayelinda foleni ya maji anaweza kuona kabla ya ofisi yoyote choo kinachofurika, au mfereji unaoelekea kisimani. Kuripoti jambo hilo ni sehemu ya zamu yake, sawa na kuripoti mwizi.

Kwa kambi zenye mabomba, tunawakumbusha ndugu zetu kwamba mtambo wa maji taka ni kitu hai. Mafuta machafu ya magari, rangi na asidi ya betri vikimwagwa katika mfereji wa choo huviua vijidudu vinavyotufanyia kazi. Pampu ya hewa ikizimwa kwa saa nyingi, tope hai hukosa pumzi na kuanza kuoza. Na maji yanayotoka mtamboni, hata yakionekana maangavu, bado yanaweza kuwa na vijidudu vya maradhi. Asiyanywe mtu.

Zaidi ya yote, tujifunze kuhesabu. Kamanda anayejua ni askari wangapi wameharisha wiki hii, na wanateka maji wapi, anajua alipo adui. Akiona idadi imepanda asiifiche kwa kuogopa lawama, maana Bibi Nightingale hakuficha ya Scutari, na kwa kutoificha aliokoa majeshi ambayo hakuyaona kwa macho.

Kila askari aliyekunywa maji safi leo asubuhi kambini amepata sehemu yake katika urithi wa bibi yule. Urithi huo hautunzwi kwa kuning'iniza picha yake ukutani mwa zahanati. Hutunzwa kwa kuangalia, kabla ya kwenda kulala, maji machafu ya kambi yanaelekea wapi, na ni nani atakayeteka kesho upande wa chini wa mto.